Mafundo Ndani ya Mkoba

Bibi yake Sindano hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na bado nakuambia, hakuna karani pale mjini aliyemshinda kwa kumbukumbu. Alikuwa fundi wa mikoba. Kibanda chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: cherehani ya kukanyaga, meza yenye makovu ya mkasi, ukuta wenye misumari iliyoning'inizwa kazi za watu, na nyuma ya pazia chumba alicholala na mjukuu wake. Kwa kuwa hakujua kuandika, kila nyumba iliyomletea kazi aliipa rangi yake ya uzi. Akimaliza kushona anafunga fundo dogo la rangi hiyo ndani ya bitana, mahali ambapo hata mwenye mkoba haoni. Kwa seremala, nyekundu. Kwa fundi wa kuchomelea vyuma, bluu. Kwake mwenyewe, njano. Watu walimcheka, naye akawajibu, "Chekeni tu. Wino hufutika, fundo je?"

Sindano aliitwa hivyo kwa wembamba wake. Alikuwa na miaka kumi na sita, na siri moja nzito. Jumamosi asubuhi alitakiwa apande basi kwenda mji asioujua, akae katika nyumba ya watu asiowajua, auze unga wa kulevya mpaka deni lake liishe. Waliojua habari hiyo ni yeye na Mjomba, basi.

Mjomba! Hata kulitamka jina lenyewe nasikia kichefuchefu. Vijana wote wa mtaa walimwita hivyo, mtu wa makamo, shati limenyooshwa, sauti ya upole, hajawahi kumfokea mtoto wa mtu. Kwa Sindano alianza na viatu vya shule. "Hivyo vinakuumiza, mwanangu. Chukua hivi, utanilipa ukipata." Halafu ikaja simu. Halafu, "Hebu nipelekee mkoba huu kwa rafiki yangu. Mkanda umekatika, mpe bibi yako aushone kwanza." Bibi akaushona, Sindano akaupeleka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipokuja kujua kilichomo ndani, simu alishaizoea na viatu vilishaanza kuchakaa. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, walisema wahenga, na wala hawakuwa wanatania.

Mara ya nne, vijana wawili wa pikipiki wakampitia kwenye kona ya ukuta wa kiwanda. Wembe ukapita kwenye mkanda, mkoba ukaenda zake. Sindano akakimbia kwa Mjomba analia, anategemea makofi. Mjomba akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe.

"Pole, mwanangu. Bahati mbaya mzigo haukuwa wangu. Ulikuwa wa laki tisa, na wenyewe hawana huruma kama mimi. Nitakusimamia. Lakini itabidi ufanye kazi."

Akafanya kazi miezi mitatu. Ajabu ya deni lile, kadiri alivyolilipa ndivyo lilivyonenepa. Akichelewa, linaongezwa. Akiuliza limebaki kiasi gani, linaongezwa kwa kuuliza. Likafika laki kumi na mbili. Siku aliyosema atamweleza bibi yake, Mjomba alitabasamu. "Bibi yako ana cherehani nzuri. Vitambaa huwaka haraka sana, sivyo?" Tangu hapo mtoto hakufungua mdomo tena.

Sasa sikilizeni. Alhamisi mchana, mtoto wa muuza maziwa akaingia kibandani, kijana wa miaka kumi na minne, miguuni viatu vipya vyeupe. Akaweka mezani mkoba mweusi wa turubai, aina ile ambayo mjini ipo mingi kuliko watu.

"Shikamoo Bibi. Naomba unishonee mkanda, umekatika."

"Marahaba, mjukuu wangu. Uje kesho jioni."

Kijana akatoka mbio. Sindano akaupokea, maana kufumua ndiyo ilikuwa kazi yake: unaugeuza mkoba ndani nje, unatoa nyuzi zilizokufa, ndipo Bibi anashona. Akaugeuza. Akaona mkanda haukukatika bali umekatwa, mshazari, kwenye shina lake. Akaingiza kidole ndani ya bitana kutafuta uzi wa zamani, akauvuta nje kwenye mwanga wa mlango.

Fundo la njano.

Akalitazama fundo lile, akalitazama tena, akahisi kibanda kizima kimenyamaza, misumari, cherehani, barabara ya nje na kelele zake zote. Mkoba ulioporwa mikononi mwake, mkoba anaoulipia kwa kulala macho, uko mapajani mwake, na umeletwa na mtoto mwenye viatu vipya.

"Bibi," alisema, akamnyooshea mkoba.

Bibi akasogea, akashika fundo kwa vidole viwili. "Huu si niliokushonea wewe? Ukaniambia umeusahau kwenye basi."

Basi ikawa kama gunia limepasuka. Sindano akamwaga yote: viatu, simu, pikipiki, laki kumi na mbili, basi la Jumamosi, moto wa cherehani. Alisema huku amejikunja, akisubiri kofi. Kofi halikuja. Bibi aliuliza jambo moja tu.

"Huyo Mjomba ni mjomba wa wapi? Mimi nilizaa mtoto mmoja, mama yako. Huyo wa kiume nilimzaa lini bila kujijua?"

Sindano akacheka katikati ya kilio, kamasi na machozi pamoja. Bibi hakucheka. Alikuwa amefumba macho, mkono umezama ndani ya bitana mpaka kwenye kiwiko, kidole kinapapasa mshono kwa mshono. Sindano alikuwa amemwona bibi yake akishona tangu azaliwe, lakini siku ile ndiyo alimwona kwa mara ya kwanza. Yule mwanamke alikuwa anasoma.

"Chini ya lako kuna kiraka kingine," Bibi alisema taratibu. "Kata mshono huo. Rangi gani?"

"Bluu, Bibi."

"Mtoto wa mchomeleaji. Aliuleta mwaka jana, kabla hajaacha shule na kupotea. Chini yake?"

Sindano alikata mshono. "Nyekundu."

"Binti wa seremala. Aliniambia ni mkoba wake, kapewa na shangazi." Bibi akafumbua macho. "Na wote mkanda ulikatwa kwa wembe. Pale pale. Mimi nikadhani watoto wa siku hizi hawajui kutunza vitu."

Mungu wangu! Mkoba mmoja, watoto watatu, na wa nne ameshavalishwa viatu. Sindano nywele zilimsimama. Aliogopa, ndiyo, lakini juu ya woga kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, ule mshangao wa mtu aliyekuwa ametazama ukuta maisha yake yote halafu akaambiwa ni mlango. Zile pikipiki zilikuwa za Mjomba. Mkoba ulirudi kwake jioni ile ile, na mzigo wake ndani. Alijiibia mwenyewe, kisha akawadai watoto!

Na unajua kilichomponza? Ubahili. Mkoba mpya wa turubai haufiki hata bei ya kibao cha kukalia. Mtu anayedai laki kumi na mbili akaona hasara kununua mkoba mwingine, akawaachia watoto gharama ya kushona. Na fundi wa mikoba pale mtaani alikuwa mmoja tu. Shauri yake.

Jioni ile Bibi alijifunga kanga mbili, akaburuta goti lake bovu nyumba kwa nyumba. Seremala alikuwa anajua tu kwamba pesa zinapotea dukani, akamshuku msaidizi wake hadi akamfukuza. Kumbe binti yake ndiye aliyekuwa akichukua, analipa deni. Muuza maziwa aliposikia habari ya viatu vyeupe alikaa chini kwenye ndoo yake. Kwa mchomeleaji ndiko ilikokuwa vigumu. Mkewe alikuwa bado anamwekea mtoto wao sahani kila siku, miezi minane sasa, na anaiosha ikiwa safi. Kila nyumba ilikuwa imeficha aibu yake, ikidhani ni ya peke yake.

Ijumaa jioni mtoto wa muuza maziwa alikuja kuchukua kazi. Baba yake alikuwa hajamwambia kitu, kwa maelekezo ya Bibi.

"Mwambie aliyekutuma aje mwenyewe," Bibi alimwambia. "Unajua sheria yangu. Kazi haitoki hapa mpaka mwenyewe aweke mkono juu yake, aseme ni yake."

Na kweli ilikuwa sheria yake tangu zamani, mtaa mzima uliijua. Haikupita nusu saa, Mjomba huyo, shati limenyooshwa. Mkoba alikuwa anauhitaji kwa safari ya kesho, na kikongwe asiyejua kusoma angemwogopea nini? Alimkonyeza Sindano kama kumkumbusha basi.

"Shikamoo Bibi."

Bibi akaendelea kukanyaga cherehani. Marahaba haikutoka. Wewe mwenye malezi unajua uzito wa jambo hilo: mwanamke mzima, kasalimiwa mbele ya mjukuu, na anainyima salamu jibu lake.

"Umefuata nini?" Bibi aliuliza.

"Mkoba wangu, huo mweusi."

"Mikoba myeusi ni mingi. Weka mkono. Tangu lini ni wako?"

Mjomba akacheka, akauwekea kiganja. "Wangu, Bibi, miaka miwili sasa. Haujawahi kutoka mikononi mwangu."

"Haujawahi kuibwa?"

"Nani aniibie mimi?"

Nyuma ya pazia mchomeleaji, ambaye moshi wa kazi umemharibu kifua, alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hapo akashindwa. Kikohozi kilipiga kama bati limeanguka. Bibi akavuta pazia. Walikuwa wamebanana kitandani na sakafuni: seremala na binti yake, muuza maziwa, mchomeleaji na mkewe, na kando yao askari wa kike ambaye Bibi humpunguzia sare zake, daftari gotini, ameshaandika kila neno.

Sindano alimtazama Mjomba na hakuamini macho yake. Yule mtu aliyejaza dunia yake nzima alikuwa mfupi. Ni mfupi tu, jasho kwenye kola, anatafuta mlango ambao muuza maziwa ameshaukimbilia na kuusimamia. Akamgeukia Sindano kwa sauti ile ile ya upole, "Mwanangu, waambie."

"Nawaambia," Sindano alisema. "Sidaiwi."

Mjomba alipelekwa kituo cha polisi. Sitawadanganya kwamba kesi ilikuwa nyepesi, kesi zina miguu yake. Ila jioni ile, watu walipokuwa bado wamesimama kibandani hawajui waende wapi, Sindano alikumbuka karatasi mfukoni. Mjomba alikuwa amempa namba: ukishuka stendi kule, mpigie huyu, atakuwa anakusubiri. Alitaka amwambie huyo mtu asisubiri. Akapiga, simu ikiwa juu ya meza, sauti wazi.

"Wewe ndiye unayekuja kesho?" Sauti ya kijana, imechoka. "Njoo na shuka. Huku hakuna shuka."

Mke wa mchomeleaji alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Akamsukuma mumewe, akaishika meza kwa mikono miwili.

"Mwanangu! Ni mama. Rudi nyumbani."

"Mama, siwezi. Nilipoteza mkoba wa watu. Bado nadaiwa."

"Mkoba ninao hapa." Alikuwa ameukumbatia kifuani. "Fundo lako limo ndani, la bluu, la Bibi fundi. Haukuibwa, baba. Haukuibwa hata siku moja. Alikuwa nao yeye mwenyewe."

Miezi minane kijana yule alikuwa anailaani mikono yake. Hakuna aliyethubutu kusogea, hata mchomeleaji alikizuia kikohozi chake.

"Kwa hiyo si mimi niliyeupoteza?" aliuliza.

"Si wewe."

Ndipo akalia, na alilia kwa sauti ya mtoto mdogo, mama yake akimwambia pole, pole, kama aliyeanguka sasa hivi.

Jumamosi Sindano alikwenda stendi kweli, lakini alikwenda alasiri, pamoja na Bibi na watu wa zile nyumba tatu. Kijana wa mchomeleaji alikuwa ametumwa stendi ya kule kumpokea mtu, naye badala ya kusubiri akapanda basi la kurudi na nguo alizovaa. Liliposimama alishuka wa mwisho, mikono mitupu, amekonda. Mama yake akaishika mikono ile ambayo mwanawe aliilaani bure, yote miwili, akaigeuza huku na huku, akaitazama.