Tetekuwanga Nyumbani kwa Mjomba

Mwanaheri alikuwa ameshasema mara tatu, na mara zote mjomba wake alimcheka.

"Mjomba, daktari amekataza. Watu wamsalimie kwa mbali, na watoto wasimkaribie mpaka mwaka uishe."

"Mpwa wangu karudi kutoka Ulaya, nimfungie ndani kama kuku mgonjwa?" alisema mzee Ahmadi. "Kijiji kizima kimemwombea dua. Leo watamshika mkono."

Kwa Waluguru mjomba akisema, amesema.

Mpwa mwenyewe alikuwa Pazi, mdogo wake Mwanaheri. Alikwenda Uingereza kusomea kilimo, akaugua saratani ya damu. Madaktari wa huko wakatafuta ndugu ambaye damu yake ingekubaliana na ya mgonjwa, wakampata Mwanaheri, mkulima wa ndizi wa Kinole ambaye hata Dar es Salaam hakuwahi kufika. Akapandishwa ndege. Wakamtoboa mifupa ya nyonga kwa sindano nene, wakavuta uboho unaotengeneza damu, wakampa Pazi. Kwa wiki mbili alitembea ameinama, wala hakulalamika. Baada ya miezi mitano wakarudi pamoja. Ilikuwa mwaka 1983.

Shughuli ya kumpokea ikafanyika. Asia, binti wa mzee Ahmadi, akampakatisha Pazi mwanawe wa miaka miwili, aliyevishwa sweta la mikono mirefu kwenye jua kali. Mwanaheri akalishangaa lile sweta, lakini papo hapo akaitwa jikoni.

Siku ya kumi na nne Pazi alishikwa na homa. Kesho yake malengelenge yalimjaa kifuani, mdomoni, mpaka kwenye kope. Wakamshusha mjini kwa lori la kijiji, amelazwa kando ya mikungu ya ndizi.

"Tetekuwanga," alisema Thobias, daktari wa zamu.

"Aliugua utotoni! Nilimuuguza mwenyewe," alipinga Mwanaheri.

"Chembe za kinga zilizoijua ziliuawa kwa dawa kabla hajawekewa uboho wako. Hizi mpya bado changa, tena chache. Nani alimkaribia?"

Mwanaheri akalikumbuka lile sweta. Alirudi mlimani na lori lile lile, akamkuta Asia anatwanga, akamvua mtoto nguo. Mgongo wote ulikuwa makovu mabichi.

"Ulijua?"

"Baba alisema nimfunike tu," Asia alilia. "Alisema tutaaibika mbele ya wageni."

Mzee Ahmadi alitoka ndani, akangoja shikamoo. Haikuja.

"Mwanaheri, ule ni ugonjwa wa watoto tu..."

"Nilitobolewa mifupa mimi, si wewe! Nilikwambia mara tatu! Ukaona bora mdogo wangu afe kuliko wewe uone aibu?"

Majirani walisikia.

Dawa ilipatikana Dar es Salaam siku ya nne. Pazi alilazwa wiki saba, na wiki ya tano ndipo chembe nyeupe za damu zilipoanza kuongezeka. Aliishi, lakini jicho la kushoto halikuona tena. Mzee Ahmadi alikuja wodini, akalia kama mtoto. Pazi akamshika mkono.

"Yamekwisha, mjomba."

Mwanaheri akasubiri mzee aondoke.

"Yamekwisha kwa nani?"

"Dada, ni mjomba wetu."

"Umemsamehe wewe, ni haki yako. Mimi usinisemee."

Akapanga chumba mjini, mtaa wa Mwembesongo, akamhamishia Pazi huko. Mjomba alituma watu mara mbili kumwita Kinole. Mwanaheri aliwapa maji ya kunywa, akawauliza habari za njiani, akawarudisha bila jibu.