Nilisema Hakai Hapa

Nawaandikia kina mama wenzangu ambao watoto wao wamepanga vyumba vya uani. Mkienda kuwatembelea, waulizeni kwanza wanangojea nini kazini. Mimi sikuuliza.

Binti yangu alipata kazi ya usafi benki, akiwa bado kwenye majaribio. Alipanga chumba nyuma ya nyumba ya mzee mmoja asiye na kibali cha kupangisha. Hakuna mkataba, hata namba mlangoni hakuna. Siku niliyofika, jirani yake, fundi cherehani, akanifunda: "Mama, hapa akija mtu na faili, hatumjui mtu. Manispaa wakitugundua, wote nje na masufuria yetu."

"Hata mimi hunijui?" nikamtania.

"Wewe ndiyo sikujui kabisa, na chai yako nimeinywa!"

Tukacheka. Kesho yake asubuhi, binti yuko kazini, akaingia mwanamume amechomekea shati, faili kwapani. Akataja jina la binti yangu, majina yote matatu. Nikajua ni mtu wa manispaa. Fundi akainamia cherehani yake. Sare ya pili ya binti ilikuwa imeanikwa kambani. Nikasimama mbele yake kuiziba.

"Shikamoo mama. Huyu anakaa hapa?"

"Marahaba. Hakai hapa."

"Lakini unamfahamu?"

"Simjui, baba. Jaribu nyumba za kule."

Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Nikajiona mjanja kweli.

Jioni binti akaniuliza, "Mama, hakuja mtu? Kazini walisema watatuma mtu ahakiki ninapokaa, ndipo waniajiri moja kwa moja."

Nikamweleza. Alikaa tu kitandani, viatu miguuni.

Tulikwenda benki pamoja. Ofisa akatuonyesha fomu: hafahamiki mahali alipoandika. Nikasema mimi ndiye mama yake, na mimi ndiye niliyemkana.

"Sasa mama, ulimdanganya yule, au unatudanganya sisi?"

Akataka barua ya mwenye nyumba. Mzee akakataa katakata. "Sahihi yangu ikae benki? Mnataka nifungiwe vyumba?"

Nafasi akapewa mwingine.

Siku hizi binti anafulia watu nguo. Nikimpigia simu anapokea, ananiamkia vizuri, anauliza hali ya wadogo zake. Mambo ya kazi haniambii tena. Na nikisema nije kumwona, anajibu, "Pumzika tu nyumbani, mama."