Jeshi Lisilokula

Mume wangu Silvester alikiokota kile kitabu kwenye shehena ya karatasi chakavu iliyoletwa kiwandani Mgololo kusagwa upya. Hakikuwa na jalada wala jina la mwandishi. Alikuja nacho amekificha ndani ya koti la kazi, na kwa miaka kumi na moja alinisomea kila jioni huku mimi nikifuma masweta ya wanafunzi. Mikono yangu ilikuwa na kazi, kwa hiyo sikuwahi kukishika. Kikiisha, anaanza upya.

Kilikuwa kitabu cha vita. Jemedari Maganga anavusha jeshi lake milima saba kwenda kuikomboa ngome ya kwao. Vita mimi sikuvijali. Nilimpenda mpishi wa jeshi, Kalinga, mtu mnene mwenye mdomo. Kila Jemedari akipuliza baragumu, Kalinga hujibu, "Mkubwa, vita havikimbii. Ugali ndio unaopoa." Hapo Silvester alibadili sauti, na mimi nilipoteza hesabu ya mishono.

Alifariki mwezi wa tano. Mwezi wa saba, wageni walipokwisha kuondoka, nilikaa kibarazani Jumamosi mchana nikakifungua mwenyewe. Nilitaka kumsikia Kalinga, basi. Ukurasa wa kumi, hayupo. Wa arobaini, hayupo. Milima, farasi, hotuba za Jemedari zisizo na mwisho. Naona Silvester alikuwa akiziruka. Nilipofika ukurasa wa tisini na tatu nikasema kwa sauti, "Jamani, huyu mtu yuko wapi?"

"Mtu gani?" sauti ikauliza.

Kibaraza hakikuwepo tena. Nilikuwa nimesimama kwenye matope, kandambili miguuni, na mbele yangu mzee mwenye mkuki. Ukungu ulikuwa kama wa kwetu, ndiyo maana sikushtuka upesi. Nyuma yake jeshi zima lilikuwa limejipanga, kimya, wote wakitazama upande mmoja.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama. Mimi ni Aroni, mlinzi wa kambi. Unamtafuta nani?"

"Kalinga. Mpishi."

Akafikiri. "Mpishi ni nani?"

"Anayewapikia!"

"Sisi hatuli, mama."

"Hamli vipi? Mmevuka milima mitano!"

"Minne na nusu," alisema kwa heshima. "Hatujawahi kula. Haijaandikwa."

Nikamwacha, nikapita mstari kwa mstari nikiuliza. Wa kwanza alinijibu kwamba atakufa kwa ajili ya ngome. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nilimwambia, "Sikukuuliza habari ya kufa, baba, nimekuuliza mpishi," naye akarudia kwamba atakufa kwa ajili ya ngome. Hapakuwa na sufuria wala jivu. Jeshi la watu elfu mbili, na hakuna hata jiwe moja la jiko.

Jemedari Maganga akaja juu ya farasi wake mweupe. "Mwanamke, ondoka mbele ya safu! Ukungu ukipanda tunashambulia."

"Nitaondoka ukinionyesha Kalinga."

"Sina mtu wa jina hilo. Sijawahi kuwa naye."

Alisema bila hasira, kama mtu asomaye orodha. Na hapo nikaelewa nilichokuwa nimekataa kuelewa tangu ukurasa wa kumi. Kalinga hakuwa wa kitabu. Silvester ndiye aliyemweka, kila jioni, kwa miaka kumi na moja, macho yake kwenye karatasi kana kwamba anasoma. Hakuniambia. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nikamwita mwongo mbele ya jeshi zima, kisha nikakaa chini kwenye matope nikalia.

"Una nini, mama?" Aroni akauliza.

"Nimefiwa na mume wangu."

Aroni akalaza mkuki chini, akakaa. Aliyefuata akakaa. Safu nzima ikashuka, chuma kikigongana, watu elfu mbili wakaketi matopeni.

"Simameni!" Jemedari akapiga kelele. "Tuko ukurasa wa tisini na nne!"

"Kuna msiba, Jemedari," alisema Aroni. Akanigeukia. "Pole sana, mama. Tupe habari ya msiba."

Nyumbani habari ya msiba aliitoa shemeji yangu Rabson. Kila wageni walipoingia, wawe wa Chimala au Rujewa, alisimama mlangoni akaanza: marehemu alianza homa Jumanne, tukampeleka zahanati, wakatupa rufaa. Mimi nilikuwa kwenye godoro, nimejifunika kitenge. Niliisikia mara arobaini. Mara moja nikasema, "Ilikuwa Jumatano, shemeji." Akajibu, "Pumzika, shemeji," akaendelea na Jumanne yake.

Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

"Alianza homa Jumatano," nikaanza. Kisha nikaona hiyo si habari yake, ni habari ya homa. "Alikuwa anawasoma ninyi," nikasema. "Kila jioni. Na katika kusoma kwake, mlikuwa mnakula."

Nikawaeleza Kalinga. Nilieleza ubishi wake, na ile siku alipomnyima Jemedari nyama kwa sababu hakunawa mikono. Askari wakacheka, wengine hawakujua kucheka, wakatazama wenzao ndipo wakaiga.

"Na mimi," Jemedari akauliza kutoka juu ya farasi, "alinisomaje?"

"Kwa sauti ya msimamizi wake wa zamu."

"Msimamizi wa zamu ni cheo kikubwa?"

"Hapana."

Akashuka kwenye farasi, akakaa pembeni, amenuna.

"Huyo Kalinga alisemaje baragumu likilia?" akauliza Aroni.

Nikasema yale maneno. Yalitoka kwa sauti yangu, sauti ya mwanamke aliyetoka kulia.

"Ndivyo alivyosema?"

"Sivyo. Mume wangu alikuwa anaitoa puani kidogo."

"Basi itoe puani."

Nikajaribu. Ikawa kama mbuzi. Nikawaambia waniache, mimi si mwigizaji, nimechoka, matope yameingia kwenye sketi. Hawakuinuka. Watu wasiojua njaa hawana haraka.

"Tena, mama," akasema Aroni.

Mara ya tatu niliharakisha. Mara ya nne nikavuta pumzi kwanza, kama alivyokuwa akivuta yeye, nikaisikia inatoka, karibu kabisa na yake, na Jemedari akainua kichwa, kama mtu aliyeitwa kula.