Namba ya Zamda

Masele aliingia ofisi ya muungano wa vyama vya pamba, mjini Bariadi, bila hata "mwadila". Kwa Msukuma, kuruka salamu ni sawa na kumtemea mtu mate. Nyanjige, mtunza ratiba za vikao vya mtandaoni, akajua hakuna heri.

"Mayu," akamwita, kama Wasukuma wamwitavyo mama, "kampuni ile ya mwaka jana imekupa nini ukifute chama chetu cha Nkoma?"

Siku hiyo wanunuzi walikuwa wakizungumza na vyama kwa mtandao, kimoja kimoja. Soko lilikuwa huru. Kila mwenye mtaji alikuja na mzani wake, na chama kilichagua. Chama ambacho hakikuonekana kikaoni kingebaki na mnunuzi wa mwaka jana, aliyewaliza watu kwa mzani wake. Vyama vingi vilitumiwa ujumbe wa saa zao. Nkoma, kimya.

Nyanjige alimjibu kwamba hali rushwa, na mtu mzima asiye na ushahidi afunge mdomo. Meneja Januarius akatoka chumbani kwake, akadai mtandao ulisumbua. Masele akauliza ni mtandao gani huo unaochagua kijiji.

Nyanjige akageukia kompyuta. Akaiuliza hifadhidata vikao vyote vya leo: Nkoma ikatokea, saa nane mchana. Akaunganisha jedwali la vikao na jedwali la simu: Nkoma ikapotea. Hapo akaona. Viongozi wa vijijini huandikisha simu ya mwenye duka, kwa kuwa ndiye mwenye bando. Vyama vitatu vilikuwa na namba ya mwenye duka mmoja, Zamda. Nyanjige, akidhani namba kujirudia ni uzembe wa waandikishaji, alikuwa ameiamuru hifadhidata itoe kila namba mara moja tu, kwa hiyo kimoja tu kati ya vitatu kikapata ujumbe.

"Shikilia ni mtandao," Januarius akamnong'oneza. "Bodi itatunyoa bila maji."

"Waje na wembe wao."

Saa nane ilikuwa inagonga. Akamvutia Masele kiti mbele ya skrini. Mzee hakushukuru, alisema wakikosa leo, wakulima watakuja na fimbo. Nyanjige akamwambia waje, ila kwanza asogee, anaziba kamera.

Chama kingine kilichoachwa kiliongozwa na Mzee Mboje, wa kijiji jirani na Nkoma, na saa yake ilikuwa ya asubuhi. Januarius akaweka mkono juu ya simu. Nyanjige akauondoa, akampigia Zamda, akangoja Mboje aitwe dukani.

"Mzee Mboje, kikao chako kimepita. Hukujulishwa kwa sababu mimi ndiye niliyekufuta."

Masele akageuka kitini.

"Kumbe kweli ni wewe."

Nyuma yake mnunuzi alikuwa ameshatokea kwenye skrini, anasubiri.