Breki ya Piano

Niyigena hakuwa mtu wa kufundishwa kutumia mguu. Alishusha viazi kutoka Kibumba hadi soko la Birere kwa chukudu, kile kigari cha mbao, akikanyaga mpira juu ya gurudumu la nyuma kila mteremko ulipomzidi, na hakuwahi kugonga hata kuku. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kujifunza piano, alipoona pedali tatu chini ya ile ya kanisa lao la Murara, alicheka. Breki tatu!

Wimbo ulipomzidi mbio, alikanyaga ya kulia kwa nguvu zote. Sauti zikapandana, zikavuma kama Birere asubuhi.

"Papa, ile haina kazi ya kusimamisha," alisema Mama Philomène, mwalimu wake. "Inaacha nyuzi zote ziendelee kulia. Ya kushoto inapunguza sauti. Ya katikati inashusha kitambaa mbele ya nyuzi, majirani wasilalamike."

"Na breki iko wapi?"

"Inua muguu."

Jumapili, akiipigia kwaya piano, kwaya ilishika mbio kama iliyo mteremkoni, ikamwacha nyuma. Niyigena alikanyaga kulia, akaacha sauti ijae hadi kwenye bati, kisha akainua mguu. Kimya. Kwaya nzima ikanyamaza, ikamgeukia.

"Sasa," akasema, "tushuke polepole."