Mkono wa Adelaide

Goti la mjukuu wangu Leontine liliumia mvua zilipoanza, mazoezini, kwenye mchanga nyuma ya kanisa. Alimnyanyua mwenzake kiunoni, akageuka naye, mguu ukabaki pale pale. Alirudi nyumbani akichechemea, ndala moja mkononi, akaniambia, "Bibi, hamna kitu," na papo hapo akaanza kulia.

Hakulilia maumivu. Huku kwetu Casamance, kusini mwa Senegali, wasichana hupigana mieleka mpaka waolewe. Ukishaolewa, unavua njuga, basi. Leontine alikuwa ameshaposwa na Ampa, fundi pikipiki wa mjini Ziguinchor, na harusi ilikuwa baada ya mavuno. Kwa hiyo mieleka ya mwaka huu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Na mwaka uliopita Adelaide, binti wa upande wa mtoni, alikuwa amemlaza chali mbele ya kijiji kizima.

Nesi Seynabou alilibonyezabonyeza lile goti, akasema, "Huu mguu upumzike. Usikimbie, usiruke, usipigane."

Leontine akashika kila neno. Alilala mapema, alikunywa maji mengi, alikula wali na samaki bila kuruka mlo, na hata msibani alikataa kunywa tembo. Asubuhi akawa anafuatana nasi kupandikiza mpunga. Nani angemwambia asije? Kupanda mpunga kwetu hakuitwi mazoezi, ni kama kufagia uwanja. Tope linafika katikati ya muundi. Unainama, unachomeka miche, unang'oa mguu, unausogeza, unainama tena. Goti likazidi kuvimba, nasi tukazidi kushangaa. Mama yake akamfunga hirizi gotini, akaikaza kwa nguvu zote, kesho yake goti likawa kama papai.

Siku moja Nesi Seynabou akapita juu ya tuta akikokota baiskeli. Akasimama.

"Leontine! Hapo ndipo unapopumzika?"

"Sijakimbia, nesi. Wala sijaruka."

"Na hilo tope linalokuvuta goti kutwa nzima, unaliitaje?"

Akamtoa shambani, akaifungua ile hirizi, akatukaripia sote. Mimi bibi mzima nilisimama na miche mkononi kama mtoto wa shule.

Basi ikawa sisi tunakwenda shamba, yeye anabaki kwenye mkeka barazani. Wanawake walipopita na vikapu kichwani walimtania. "Malkia, tukuletee mto?" "Mwacheni, anataga!" Alicheka nao, wakipita anainamisha uso. Alikaza paja, akalegeza, akakaza tena. Baadaye alijifunga kifuko cha mchele kifundoni, akawa anauinua mguu taratibu, jasho linamtoka puani. Halafu akaanza kusimama kwa mguu ule mmoja, ameshika kinu.

Kazi ngumu ilikuwa jioni. Ngoma ya mazoezi ikilia kule kanisani, aliacha kula. Mabega yalimcheza, vidole vikashika hewa. Msichana wa watu alikuwa anapigana akiwa amekaa. Niliyajua yale mabega. Mimi niliolewa kabla ya mieleka ya mwaka wangu wa mwisho, na mpaka leo ngoma ile ikilia nyonga yangu inajipanga yenyewe.

Siku mbili kabla ya mieleka, Nesi Seynabou akamwambia aruke kwa mguu ule. Akaruka. Kutua kukamshinda, goti likayumba, akanishika kanga.

"Unaendelea vizuri sana," nesi akasema. "Lakini ukiingia mchangani sasa, litakatika. Cheza ngoma kidogo. Kupigana, hapana."

Siku ya mieleka Leontine alikaa nasi upande wetu, njuga mapajani. Ampa alikuwa amekuja, amekaa na mama yake hatua chache kutoka tulipo. Adelaide akaingia uwanjani, kifua mbele, akazunguka akiwanyooshea wasichana mkono. Ukiupokea, mnapigana. Usipotaka, unauacha unaning'inia, anapita. Alipofika mbele ya Leontine akasimama, mkono ukanyooka.

"Wee mwanamke, inuka. Nimekungoja mwaka mzima."

Nilisikia pumzi ya mjukuu wangu. Mkono wake ukaondoka juu ya zile njuga, ukapanda kidogo. Nikajua akiupokea ameliua goti, na akiuacha amejiua roho. Mkono wake ukabaki hapo hewani, kisha akaurudisha.

"Goti halijapona," akasema. "Mwakani."

Adelaide akacheka. "Mwakani utakuwa mke wa mtu! Nitapigana na nani, na mumeo?"

Watu wakacheka. Leontine hakucheka. Aligeuka akamtazama Ampa, akamtazama na mama yake, halafu akarudi kwa Adelaide.

"Nimesema mwakani."

Kicheko kikakatika. Mama yake Ampa akamgeukia mwanawe. Ampa aliinama, akachota mchanga, akaumwaga polepole kati ya vidole. Nilimwonea huruma, ameshajenga chumba, ameshapaka na rangi, leo anaambiwa angoje mwaka mzima. Alikaa hivyo mpaka mchanga ukaisha mkononi.

"Adelaide," Ampa akasema, "na wewe usiolewe, basi."

Adelaide akapiga kifua, akapita kwenda kumtafuta mwingine. Ngoma ikarudi. Leontine aliinama, akajifunga njuga miguu yote miwili, ule mbovu akiufunga kwa kulegeza, akasimama akacheza hapo hapo alipo, kidogo tu, kama alivyoambiwa.