Ng'ombe wa Swali la Tatu

Lemburis alikuwa akilikwangua neno "maskini" kwa ncha ya kisu, mara ya pili siku hiyo. Asubuhi alikuwa amelikwangua kwa amri ya baba yake. Baadaye akaliandika tena kwa herufi ndogo, akidhani halitaonekana. Mzee Koikai hakujua kusoma, lakini alikuwa amepakumbuka mahali palipokuwa patupu, naye aliona kwamba pamejaa.

"Limerudi," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Litoe."

Karatasi ilikuwa moja tu. Misheni ilimpa kila mwombaji karatasi moja yenye maswali saba, na Lemburis aliiweka juu ya kipande cha ubao magotini, nyuma ya nyumba ya mama yake, mahali pasipo na upepo. Swali la kwanza lilitaka jina lake, la pili lilitaka kujua alibatizwa lini. Hayo alikuwa ameyamaliza. La tatu liliuliza: Baba yako ana ng'ombe wangapi?

Kila kitu kilitegemea swali hilo. Chuo cha walimu kule Kilimanjaro kilikuwa cha miaka mitatu. Mwanafunzi ambaye baba yake ana ng'ombe alilipiwa chakula na malazi na baba yake. Asiye na kitu alibebwa na misheni. Mchukuzi wa barua angeondoka keshokutwa, na baada ya hapo chuo kisingepokea watu wapya mpaka miaka mitatu ipite. Lemburis alikuwa na miaka ishirini na ndevu za kutosha. Hakutaka kwenda kukaa darasani na ndevu nyingi zaidi ya hizo.

"Baba, nisipoandika maskini, niandike nini?"

"Andika mimi ni tajiri. Ila kwa sasa sina ng'ombe."

"Hawataelewa."

"Basi waache. Na usitaje idadi. Mtu akitaja idadi ya ng'ombe wake wanakufa."

"Tunaye mmoja, Baba. Mtu akimtazama tu ameshamhesabu."

Koikai aligeuza uso kuelekea zizini. Ni kweli kwamba alikuwa na ng'ombe mmoja, jike chongo. Wengine wote walichukuliwa na askari wa Mjerumani mwaka wa vita, miaka kumi na miwili iliyopita. Akabaki na ndama mmoja aliyejificha kwenye migomba ya jirani. Huyu chongo alikuwa mjukuu wa ndama yule, na alikuwa na tabia hiyo hiyo ya kuingia kwenye migomba ya watu.

Lemburis aliinua karatasi juani. Mahali pa "maskini" palikuwa pametoboka, tundu la kupitisha punje ya mtama. Alikuwa bado analitazama aliposikia kengele.

Ng'ombe walikuwa wakipanda njia kutoka upande wa Elerai. Hawakuwa ng'ombe wawili wala watatu. Walikuja wekundu, weusi, wenye madoa, wakaingia mmoja mmoja kwenye zizi lililozoea kukaa karibu tupu. Lemburis hakuthubutu kuwahesabu, si kwa kuogopa mwiko, bali kwa kuogopa jibu.

Mama yake, Simaloi, alitoka nyumbani na kibuyu mkononi. "Baba Lemburis, hawa ni nini?"

"Ng'ombe."

"Nimeona ni ng'ombe. Ni wa nani?"

"Wa Loserian wa Elerai, na wa wenzake wawili." Loserian alikuwa pakiteng wake, yaani rafiki waliyepeana ng'ombe zamani, na rafiki wa namna hiyo hakunyimi kitu. "Mwanao alisema nini juzi? Alisema mwalimu anakuja kuona hali yetu. Mimi nilikuwa sina hali ya kumwonyesha mgeni. Nimetafuta."

Lemburis alifunga macho. Ni kweli alisema hivyo. Mwalimu Yoeli, Mmeru mmoja mzee wa upande wa Maji ya Chai, alikuwa akitumwa na misheni kuzungukia nyumba za waombaji ili aone hali. Lemburis alidhani maneno hayo yanatosha.

"Baba, anakuja kuhakikisha kwamba hatuna."

"Nani anamwalika mgeni aje aone kwamba hana?"

"Misheni."

"Hao hawana adabu."

Simaloi alikuwa akizunguka zizi akichungulia chini ya matumbo ya ng'ombe. "Majike haya yananyonyesha. Ndama wako wapi?"

"Loserian alisema ndama wasitembezwe na jua hili. Usijali. Yule ni Mmeru, mtu wa ndizi. Atatazama pembe, atanywa maji, ataondoka kabla ya wakati wa kukamua."

Lakini Mwalimu Yoeli alikuwa na goti bovu. Alipofika, jua lilikuwa limeshainama. Lemburis aliinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kwa kiganja, kisha akasalimiana na Koikai kwa urefu: habari za mvua, za watoto, za mifugo. Habari za mifugo zilichukua muda kuliko zote. Koikai alijibu kwa kuegemea lango la zizi.

Yoeli alitazama. Akatoa kalamu ya risasi, akailamba ncha.

"Hongera, Mzee Koikai. Nilikuja nikidhani nitamwombea mwanao msaada. Naona atasoma kwa mali yako mwenyewe."

Lemburis aliitazama ile kalamu.

"Kwa mali yangu namna gani?" aliuliza Koikai.

"Madume mawili kwa mwaka. Miaka mitatu."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa hawa."

Koikai aliwageukia ng'ombe kama mtu anayewaona kwa mara ya kwanza. Alifikiri kidogo. "Hawa hawawezi kutolewa. Wana mimba."

"Hata yule dume?"

"Huyo ana huzuni."

Simaloi aliingia ndani haraka, na kicheko chake kikasikika kupitia ukuta wa udongo.

Yoeli hakucheka. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha goti lake. "Sina haraka. Nitalala hapa, nitaandika asubuhi. Kwa sasa ningeshukuru nikipata maziwa. Nyumba yenye ng'ombe wengi namna hii haikosi."

"Nyinyi watu wa ndizi mnakunywa maziwa?" Koikai aliuliza.

"Tunateremshia ndizi."

Hapo jua liligusa miti, na jike la kwanza likalia. Lilinyoosha shingo kuelekea Elerai likamwita ndama wake. La pili likalijibu. Muda si muda zizi zima lilikuwa likilia, na mtu hakuweza kumsikia mwenzake bila kupaza sauti. Simaloi aliingia na kibuyu. Alijaribu jekundu, likampiga teke. Alijaribu lenye madoa, likabana maziwa, likamtazama kana kwamba amekosea nyumba. Alipita kwa wote, akaishia kwenye kona alikosimama chongo. Huyo alitulia, akatafuna, akatoa nusu kibuyu.

Simaloi alimpelekea Yoeli. "Karibu, Mwalimu. Anayenifahamu ni huyu mmoja."

Yoeli alikunywa polepole mpaka mwisho. Alikuwa bado anafuta midomo wakati dume lenye huzuni lilipoegemea uzio wa miiba na kuuangusha. Ng'ombe walitoka. Kundi kubwa lilishuka kuelekea kwa Loserian, wengine wakashika njia ya mtoni, na watatu wakaenda juu. Chongo alibaki peke yake katikati ya zizi, kisha naye akaelekea kwenye migomba ya jirani.

Watu wanne walimtazama akienda.

"Nilipoomba mimi kusoma," Yoeli alisema hatimaye, "baba yangu aliazima mablanketi matatu. Akayavaa yote pamoja, mchana, akampokea Mzungu huku jasho likimchuruzika. Mzungu akadhani anaumwa, akampa dawa ya kuhara."

"Aliinywa?"

"Angekataaje? Alikuwa tajiri."

Koikai alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akaketi chini, karibu na mgeni. "Sitakubali lile neno, Mwalimu. Sikuzaliwa nalo."

"Silitaki. Nataka jibu la swali. Ng'ombe wako ni wangapi?"

"Mimi sijui. Sijawahi kuwahesabu." Koikai alinyoosha mkono kuelekea mjini, kwenye ukuta mweupe wa boma la Mjerumani. "Waulize wale. Ndio waliowahesabu mara ya mwisho."

Yoeli alimtazama Lemburis. "Umesikia baba yako. Andika."

"Hivyo hivyo, Mwalimu?"

"Hivyo hivyo. Bwana Mchungaji wa misheni atakunja pua. Lakini hawezi kusema ni uongo, maana yeye ndiye anayetuambia kila Jumapili kwamba bomani hakipotei kitu. Chini yake mimi nitaandika kwamba nimeona jike moja, chongo, la maziwa nusu kibuyu. Kisha nitatia sahihi kwamba anayestahili kubebwa ni wewe."

Lemburis alichovya kalamu. Aliandika akilizunguka lile tundu: "Waliohesabu ng'ombe wa baba yangu" upande huu, "wako bomani" upande wa pili. Alipuliza wino ukauke.

Yalibaki maswali manne. La saba lilitaka alama ya kidole cha baba, kuonyesha kwamba amekubali.

"Baba, tungeanza na kidole, kwa sababu mwanga bado upo."

Koikai alikitazama kidole gumba chake, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa cha kijani mpaka kwenye fundo.

"Kesho," alisema. "Haya ni mavi ya ng'ombe wa Loserian. Nikiyabandika hapo atakuja kudai kwamba barua ni yake."

Lemburis aliziba chupa ya wino kwa kizibo cha gunzi, akaiweka karatasi chini ya ubao, na jiwe juu ya ubao. Kisha akachukua fimbo, akamfuata baba yake aliyekwisha kuanza kukimbia mteremkoni kuelekea Elerai, akiwaita ng'ombe kwa majina ambayo hawakuwa nayo.